Mtoto akiondoka nyumbani, wajibu wa mzazi hauondoki naye

“Ukivuka mlango huo, usirudi.” Maneno haya hutamkwa katika nyumba nyingi, mara nyingi usiku, sauti zikiwa juu na kila mmoja akiwa amefika mwisho wa uvumilivu. Wakati mwingine ni mzazi anayemfukuza mtoto. Wakati mwingine kijana mwenyewe anakusanya nguo zake kwenye begi la shule na kutoka kabla hakujakucha. Asubuhi majirani wanaambiwa kwa mkato kwamba ameamua maisha yake, dunia itamfunza.

Wazazi wengi huamini kuwa hapo mambo yamekwisha. Kama mtoto ameondoka kwa miguu yake, wanasema, basi ada, chakula na matibabu si juu yao tena. Vijana nao huamini kinyume chake, kwamba akishatoka nyumbani hakuna mtu mwenye haki ya kumuuliza chochote. Kwa sheria za Tanzania, pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo linaweza kumgharimu mtoto shule, afya, hata uhai.

Miaka 18 ni miaka 18

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasema mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Mzazi aliyeko Unguja au Pemba afuate hiyo, ingawa msingi wake ni uleule wa kutazama kwanza masilahi ya mtoto.

Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 17 aliyepanga chumba na rafiki yake, anayejilipia umeme kwa kuuza chipsi, bado ni mtoto. Binti wa miaka 16 aliyejifungua bado ni mtoto, hata kama naye sasa anaitwa mama fulani. Ndevu, kipato au mwili mkubwa havibadilishi hesabu hiyo.

Vijana wanaotazama filamu za Marekani wakati mwingine huuliza kama wanaweza kwenda mahakamani na “kuachana” na wazazi wao. Ni kweli kwamba baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yana utaratibu wa mahakama kumtangaza kijana kuwa anajitegemea kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria yetu ya Mtoto haina utaratibu huo. Kinachowezekana ni mahakama kuamua mtoto alelewe na mtu mwingine kwa sababu kukaa na wazazi wake kunamdhuru. Hata hapo mtoto hawi mtu mzima. Anabadilishiwa mlezi tu.

Kutoroka hakumfanyi mhalifu

Jambo la kwanza ambalo mzazi na kijana wanapaswa kulijua ni kwamba Sheria ya Mtoto haimtazami mtoto aliyeondoka nyumbani kama mhalifu. Inamweka katika kundi la watoto wanaohitaji uangalizi na ulinzi. Katika kundi hilo wamo yatima, waliotelekezwa, wanaoteswa na walezi wao, wanaoombaomba, na wale wanaozurura bila makazi wala njia ya kujikimu.

Kwa hiyo polisi wanapomkuta binti wa miaka 15 amelala stendi ya mabasi, kazi yao ni kumlinda na kumuunganisha na ofisa ustawi wa jamii. Ofisa huyo anapaswa kuchunguza ametoka wapi, kwa nini ameondoka, na kama nyumbani ni mahali salama pa kumrudisha.

Swali hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Ndugu wengi wakimwona mtoto aliyetoroka humshika mkono na kumrudisha siku hiyohiyo, wakiomba radhi kwa niaba yake, bila kumuuliza alichokimbia. Kama alikuwa anakimbia ugomvi wa simu, huenda hakuna lililoharibika. Kama alikuwa anakimbia mjomba anayeingia chumbani kwake usiku, wamemrudisha mikononi mwa mtu aliyemfanya akimbie.

Hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Mtoto anayesema “sirudi pale” anastahili kuulizwa sababu, tena akiwa peke yake, mbali na masikio ya anayemwogopa.

Mzazi anadaiwa nini?

Sheria inamtaka mzazi, mlezi au yeyote anayeishi na mtoto ampe chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na mwongozo, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Haikuweka sharti kwamba mtoto awe mtiifu ndipo apewe. Mtoto mkaidi ana haki ya kula kama alivyo nayo mtoto mpole.

Mtoto pia ana haki ya kuishi na wazazi wake na kukua katika mazingira ya upendo na amani. Mwenye mamlaka ya kuamua kwamba atengwe nao ni mahakama, pale inapoonekana kukaa nao kutamletea madhara makubwa au hakumfai. Baba hawezi kutoa hukumu hiyo akiwa sebuleni, wala kikao cha ukoo hakiwezi kumfutia mtoto haki yake.

Kwa hiyo kumfungia mlango mtoto wa miaka 16, kukataa kumlipia mahitaji ya shule kwa sababu “amejifanya mkubwa”, au kukataa kumpeleka hospitali mpaka aombe radhi, ni kuvunja sheria. Sheria ilipopitishwa mwaka 2009 iliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote kwa pamoja kwa anayekiuka haki hizo za msingi.

Wako wanaotishia kumfuta mtoto kwenye urithi. Sheria hiyohiyo inakataza mtu kumnyima mtoto sehemu inayostahili ya kunufaika na mali ya mzazi wake. Kumwambia mtoto “si mwanangu tena” kunaweza kumuumiza maisha yake yote, lakini kisheria hakuvunji undugu.

Wazazi walioachana nao wasikilize hapa. Mtoto akihama kwa mama na kwenda kwa bibi, baba aliyekuwa anatoa matunzo hapati likizo. Wajibu unamfuata mtoto alipo, na maombi ya matunzo yanaweza kupelekwa mahakamani kwa niaba yake.

Mama wa kambo, baba wa kambo na ndugu wanaolea yatima nao wamo. Sheria inasema mzazi, mlezi au mtu yeyote anayeishi na mtoto chini ya uangalizi wake. “Si damu yangu” si jibu linalokubalika.

Kijana naye ana wajibu

Haya yote hayamaanishi kwamba mzazi amefungwa mikono. Bado ana mamlaka ya kuongoza nyumba yake, kuweka saa ya kurudi, kuuliza mtoto yuko na nani, kukataa pombe na kutaka kazi za nyumbani zifanyike. Sheria ya Mtoto yenyewe inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa zake, awasaidie wanapohitaji msaada, na afanye kazi kwa ajili ya umoja wa familia.

Inachokataza ni mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha. Kumrekebisha mtoto kunapaswa kulingana na umri wake, mwili wake na akili yake. Kumfunga kamba, kumchoma, kumnyoa kwa nguvu na kumtembeza mtaani, au kumlaza nje si malezi, na mtoto anayeondoka baada ya hayo hawezi kuitwa mtovu wa adabu.

Mtoto pia ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Nyumba nyingi zingeepuka begi la alfajiri kama kijana angeruhusiwa kumaliza sentensi yake. Kumsikiliza hakumlazimishi mzazi kukubali alichoomba.

Shangazi, rafiki, jirani: anayempokea afanye nini?

Mara nyingi mtoto aliyeondoka haendi mbali. Anabisha hodi kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa mama wa rafiki yake wa darasani, au kwa jirani anayemwona kila siku. Wengi huingiwa na hofu: nikimpokea nitaambiwa nimemteka, nikimfukuza atalala wapi?

Njia salama ni kumpokea na kutoa taarifa mapema. Mpe chakula, mahali pa kulala na utulivu. Kisha mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, mtendaji, au ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri kwamba mtoto huyo yuko kwako na kwa nini. Kama nyumbani si pa hatari, wajulishe pia wazazi usiku huohuo ili wasikeshe wakimtafuta. Kama mtoto anamtaja mtu wa nyumbani kuwa ndiye anayemdhuru, usianze kwa kumpigia simu mtu huyo. Anza na ustawi wa jamii au polisi.

Kumficha mtoto kwa wiki kadhaa bila kumwambia mtu yeyote, hata kwa nia njema, kunampa nguvu mtu mwenye nia mbaya kusema wewe ndiye tatizo. Taarifa inamlinda mtoto na inakulinda wewe.

Kutoa taarifa si hisani tu. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza, aripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mzazi wazungumze na kufikia uamuzi unaomfaa mtoto. Mzazi akikaidi, suala linaweza kwenda mahakamani.

Mahakama ya Watoto husikiliza mambo haya faragha, si mbele ya umati. Inaweza kuagiza mtoto awe chini ya uangalizi wa ofisa ustawi akiwa nyumbani kwao, au alelewe kwa muda na ndugu au mtu mwingine anayefaa. Makao ya watoto yanapaswa kuwa kimbilio la mwisho. Anayehitaji mwanasheria na hana fedha anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia mawakili na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Binti akiondoka kwa sababu ya mimba

Hili ndilo jambo linalovunja nyumba nyingi. Mzazi anapata habari, anaona aibu, anamwambia binti amfuate aliyempa mimba. Anayemfukuza namna hiyo anamsukuma mtoto wake kwenye mikono ya mtu ambaye huenda ni mtuhumiwa wa kosa la jinai.

Kwa sheria ya Tanzania, kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 huhesabiwa kuwa ubakaji, hata kama inadaiwa alikubali. Sheria iliwaacha salama walio katika ndoa pekee, na hilo ndilo huwafanya baadhi ya watuhumiwa kukimbilia mahari. Lakini kwa mwanafunzi njia hiyo nayo imezibwa: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Wazazi wanaokaa kikao cha kumalizana kwa mahari wanajiweka katika hatari ya kushtakiwa nao.

Kuhusu ndoa za utotoni kwa jumla, Mahakama Kuu mwaka 2016 iliamua kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo Oktoba 2019.

Shule nayo haijamfungia mlango. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wanaokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wanaojifungua, wanaweza kurejea katika mfumo rasmi. Binti aliyelala kwa rafiki leo kwa kuogopa kipigo anaweza kuwa darasani baada ya kujifungua, lakini atahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Mtu huyo, katika nyumba nyingi, ni mama yake.

Kazi anayoipata barabarani

Kijana aliyeondoka hana akiba. Baada ya siku mbili au tatu atatafuta kazi: mamantilie, kuosha magari, machimboni, kuuza baa, au kazi za ndani katika mji asioujua. Wapo watu wanaosubiri stendi kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, wakiahidi kazi nzuri na mahali pa kulala.

Sheria inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma. Kazi za hatari haziruhusiwi. Hapaswi kufanyishwa kazi usiku, kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi, na anastahili malipo yanayolingana na kazi aliyofanya. Anayemtumikisha mtoto kwa malipo ya ugali na kona ya kulala anavunja sheria.

Anayemsafirisha au kumpokea mtoto kwa ajili ya kumnyonya anaweza kushtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, chini ya sheria ya mwaka 2008. Utetezi wa “alikubali mwenyewe” haumsaidii, kwa sababu ridhaa ya mtoto katika jambo hilo haihesabiki.

Afya haisubiri suluhu

Saa za kwanza nje ya nyumbani ndizo za hatari zaidi kwa mwili wa kijana. Halali vizuri, hali vizuri, na yuko karibu na watu asiowajua. Mwenye pumu, kifafa, selimundu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi mara nyingi huondoka bila dawa zake. Mzazi anayejua hilo asiziweke dawa kuwa chambo cha kumrudisha. Azipeleke alipo, au ampe anayeishi naye.

Kama mtoto amebakwa au kulawitiwa, muda ni kila kitu. Dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kumwona daktari. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Pasipo na kituo, apelekwe hospitali iliyo karibu, na dawati la jinsia na watoto la polisi lijulishwe.

Kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima virusi vya Ukimwi bila ridhaa ya mzazi, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Asikae na hofu kwa sababu tu hana mtu mzima wa kumsindikiza.

Na mtoto anayeacha ujumbe wa kuaga, anayegawa vitu vyake au anayesema angeona afadhali asiwepo, hatishii ili apewe simu. Hiyo ni dharura ya afya kama damu inayotoka. Atafutwe mara moja na asiachwe peke yake.

Ukiamka ukakuta kitanda kitupu

Usisubiri saa 24 zipite ndipo utoe taarifa. Piga simu kwa marafiki zake na ndugu anaowapenda, kisha nenda polisi ukiwa na picha yake ya karibuni, umri wake na maelezo ya nguo alizovaa. Waambie ukweli kuhusu ugomvi uliotokea. Kuficha kipigo cha jana kunawapoteza wanaomtafuta.

Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na haitozwi. Mzazi anaweza kuipiga, jirani anaweza, na mtoto mwenyewe anaweza. Ni vyema kila mtoto wa nyumba aijue kwa kichwa, hata yule ambaye hajawahi kutishia kuondoka. Wazazi wengine huogopa kuwapa watoto namba hiyo wakidhani wanawapa fimbo ya kuwachapia. Lakini mtoto asiyejua namba ya msaada atapiga ya mtu wa stendi.

Kabla ya kuchapisha picha yake mitandaoni, fikiri maneno utakayoandika. “Amepotea, tunamtafuta” yanatosha. Tuhuma za wizi, mimba au wanaume zitabaki kwenye simu za watu muda mrefu baada ya yeye kurudi mezani.

Akipatikana, siku ya kwanza iwe ya kuoga, kula, kulala na kuonwa na mhudumu wa afya. Maswali yaje baadaye, yakianza na moja: ni kitu gani kilikufanya uone nje ni salama kuliko hapa? Kama jibu ni zito kuliko mnavyoweza kulibeba wenyewe, mwiteni ofisa ustawi wa jamii akae nanyi. Kama ni jambo la kuelewana, andikeni makubaliano machache ambayo kila upande unaweza kuyatimiza, na mzazi awe wa kwanza kutimiza la kwake.

Na mlango usifungwe kwa funguo wiki hiyo. Mtoto aliyerudi mara moja anahitaji kujua kwamba hata akikosea tena, kuna mahali ambapo sheria na wazazi wake wanakubaliana kwamba ni kwao.